Kuta za Shanvalla

Rinvarra,
Jumapili, 3 Februari 1957

Kaka Malachy,

Salamu zako za Krismasi zilifika Januari. Keki nayo ilifika imepondeka, nikaila kwa kijiko. Asante.

Nina habari. Mkaguzi wa shule alikuja wiki iliyopita. Alihesabu watoto mara mbili, kana kwamba labda mmoja amejificha chini ya dawati. Kumi na mmoja. "Wakishuka chini ya kumi, Bi Devane," akasema huku anavaa glavu, "shule itafungwa, na wewe tutakutafutia pengine." Nikamuuliza watakaobaki watasoma wapi. Akasema Kilcreeve kuna shule nzuri. Maili nane kwa miguu, kwenye upepo huu wetu! Nikamwambia basi aanze yeye leo, gari aliache hapa. Hakucheka.

Sasa sikiliza. Huko Kilcreeve kuna bwana mmoja anaitwa Tuohy, halmashauri imemweka ashughulikie watalii. Anasema watu wa Dublin siku hizi wana magari na hawajui pa kuyapeleka. Wakija huku kwetu, barabara itatiwa lami, watu watapangisha vyumba, na wenye watoto hawatakuwa na haja ya kuhama. Kinachotakiwa ni kijitabu cha kuwaambia kuna nini. Nani atakiandika? Mimi. Yeye atakipigisha chapa.

Kwa hiyo nimeanza. Ninao mnara wa Dualta Mweusi, na kisima cha Mtakatifu Mochan, na ufukwe wa Trawbaun, na meli ya Wahispania iliyovunjikia mwambani, na wale wanyama wa bahari, sili, wanaoota jua kule nchani mwa rasi. Na Shanvalla, bila shaka. Nyumba ishirini na sita zisizo na paa, nyasi zimeota mahali pa meko. Tuohy anasema Wamarekani ambao babu zao walitoka huku wakifika mahali kama pale hulia, na mtu aliyelia hasahau.

Baba alikuhadithia wewe yote. Mimi nilikuwa jikoni. Niandikie unayoyakumbuka, hasa ya Shanvalla: nani alikaa nyumba ipi, na siku ile ilikuwaje. Najua ilikuwa miaka ya njaa kuu ya karne iliyopita, na najua mwenye ardhi alikuwa Mwingereza. Zaidi ya hapo sijui kitu. Nikiwauliza wazee wananieleza hali ya hewa.

Mdogo wako,
Attracta


Coventry, Uingereza,
17 Februari 1957

Kwa Mwalimu Mkuu, mpiga kengele na mfagiaji wa Shule ya Rinvarra,

Barua yako imenichekesha mpaka nikakohoa, watu wote humu wakageuka kuniangalia.

Tuanze na Dualta Mweusi. Usije ukaandika kwamba alikuwa shujaa wa bahari. Alikuwa mwizi. Hakuna mtumbwi uliopita chini ya mnara wake bila kuacha samaki. Alikufa kwa kukabwa na mwiba wa samaki aliyemnyang'anya mtu, na mwenye samaki alikuwa amekaa meza hiyohiyo, akaendelea kula.

Wahispania: Padri atakuambia tuliwapokea kwa mablanketi na uji. Baba alisema tuliwapokea kwa mawe, tukawavua buti kabla hawajamaliza kufa. Wewe andika mablanketi na uji. Mgeni hasafiri mbali hivyo kuja kusikia habari za buti.

Kisima cha Mochan kinaponya macho. Mama alimwosha Babu macho pale kila Jumapili, akafa kipofu, ila alikuwa kipofu msafi.

Ya Shanvalla siyakumbuki vizuri. Ni kuta tu. Jaza ukurasa huo na sili.

Nitakuja Julai, nyapara akiniruhusu. Nitakuwa mtalii wako wa kwanza. Nitalala chumba cha nyuma na nitalalamikia chai.

Kaka yako,
Malachy


Rinvarra,
10 Machi 1957

Kaka,

Umeniulia Dualta wangu, lakini ule mwiba nimeubakisha. Tuohy aliposoma alipiga meza kwa kicheko. Wahispania nimewapa uji.

Colman Gaughan ananichorea ramani. Usikunje uso. Ni miaka kumi na minne sasa. Yeye amebaki kapera na mimi nimebaki hivi nilivyo, na hakuna mwingine huku anayejua kuchora pwani. Jumamosi alikaa mezani kwangu, penseli mdomoni. "Shanvalla nikuwekee nyumba ngapi?" akauliza.

"Zote. Na kila moja na jina la wenyewe, kama unayajua."

Akainua macho. "Unataka majina?"

"Si ndiyo historia?"

Akafuta pembe moja ya karatasi ambayo haikuwa na kosa, akapuliza vumbi la raba, akasema mama yake anamsubiri. Chai aliiacha.

Huyo mama yake, Bibi Sabina, bado ananipita kanisani kama anapita nguzo. Nilidhani Baba akishafariki atalegea. Hivi kweli mtu anaweza kumnunia binti maisha mazima kwa sababu tu baba yake hakuwa na mali ya kumpa aende nayo kwa mume? Lakini wajukuu zake wananipenda. Wale wanne wa Festus, ndugu yake Colman, ndio shule yenyewe. Wakikosekana wao, nimekwisha.

Shanvalla nimeianza hivi: "Hapa, katika mwaka wa njaa kuu, askari wa Kiingereza walizibomoa nyumba za maskini." Nisahihishe.

Attracta


Coventry,
28 Machi 1957

Attracta,

Iache Shanvalla. Nakuomba kama kaka. Waambie mawe yanapendeza jua likizama, uishie hapo. Futa askari, usiweke jina la mtu yeyote, na Colman usimuulize tena.

Kazi ni nyingi. Mwandiko uniwie radhi, mikono ina baridi.

Malachy


Rinvarra,
9 Aprili 1957

Malachy,

"Nakuomba kama kaka." Kaka mwenyewe ni yule aliyeondoka asubuhi moja bila kumaliza chai yake, akaniachia Baba wa kuuguza miaka mitano na Mama miwili. Wote wawili nimewazika mimi. Sijakuuliza hata siku moja kwa nini hukuja. Leo naomba kitu kimoja cha kuandika kwenye karatasi, unanipa jua kuzama!

Unaniona bado ni yule mtoto wa jikoni. Nina miaka thelathini na minane. Nawafundisha watoto habari za Roma, na sijui babu zao walizaliwa kwenye kuta zipi. Kama kuna jambo, niambie. Lisemwalo lipo, na lisilosemwa lipo zaidi. Nimeishi nalo humu ndani tangu utotoni, nikidhani ni upepo.

Ukinyamaza nitakwenda kumuuliza Bibi Sabina mwenyewe.

Attracta


Coventry,
5 Mei 1957

Mdogo wangu,

Usiende kwa Sabina. Nitakuambia mimi. Kaa chini kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi na Baba tulikuwa tunalima shamba la chini, lile jema, ambalo jembe haligongi jiwe. Nikamtania: "Baba, mbona Rinvarra nzima wanalima mawe na sisi tunalima siagi?" Akamsimamisha farasi. Aliniambia huku amenipa mgongo, na hakurudia tena mpaka alipokufa.

Shanvalla haikubomolewa na askari. Askari walikuja, ndiyo, wakajipanga mstari na bunduki zao, wakatazama. Wakala wa mwenye ardhi aliajiri watu wa kuvunja nyumba za walioshindwa kulipa kodi, watu wenye njaa kama hao waliokuwa ndani. Karibu wote walitolewa parokia nyingine, ili wasijue wanamvunjia nani. Ila alitakiwa mmoja wa hapahapa, wa kuonyesha nani anakaa wapi na nani amejificha. Huyo alikuwa Antoine Devane. Babu wa Baba.

Ilikuwa Machi, inanyesha mvua ya barafu. Walikuwa wanafunga kamba kwenye boriti ya paa, wanaikata kwa msumeno upande mmoja, halafu wanavuta. Nyumba ishirini na sita kwa siku mbili. Kwa akina Gaughan kulikuwa na mzee mwenye homa. Mkewe akamwambia Antoine, "Antoine, wewe Krismasi ulikula humu. Tuachie mpaka kesho tu." Antoine akamjibu, "Kesho hawatanilisha." Wakaung'oa mlango, wakamtoa mzee juu yake, wakamlaza chini ya ukuta. Alikufa hapo.

Ujira wa Antoine ndio shamba la chini.

Sasa lako. Siku Bibi Sabina alipokuja kwa Baba nilikuwa nyuma ya mlango. Hukumkosa Colman kwa sababu ya mali. Mama yule hata kukaa hakukaa. Alisema: "Peter Devane, kwa msichana sina neno. Ni mwema kuliko mwanangu. Lakini hakuna Devane atakayelala chini ya paa la Gaughan nami ningali hai." Mama yule alipotoka, Baba akaniambia, "Mwambie dada yako kilichokosekana ni mali."

Nikakuambia ni mali. Ulilia siku mbili, kisha ukaanza kuuza mayai ili uitafute. Mwaka mzima, Attracta, nilikutazama ukienda Kilcreeve na kikapu cha mayai. Ndipo nikaondoka. Si kazi iliyonileta huku.

Nimekaa na jambo hili peke yangu, na siku hizi limekuwa zito kuliko nilivyozoea. Usilitie kitabuni. Nimekuambia wewe, sikuwaambia Wamarekani.

Malachy


Rinvarra,
2 Juni 1957

Kaka,

Nilikwenda. Najua ulinikataza.

Ilikuwa Jumatano baada ya shule. Bibi Sabina alikuwa anakanda mkate, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Umri wote ule na bado haruhusu mtu aguse unga wake. Colman alitaka kutoka, akamwambia, "Kaa."

Nikasema yote. Nilikuwa nimeyapanga njiani kama mtoto anayekwenda kusoma shairi mbele ya mkaguzi. Nikamwambia sasa najua. Naomba radhi kwa ajili ya watu wangu, nataka kitabu kiseme kweli, na shamba la chini nataka lirudi kwao.

Aliendelea kukanda. Halafu akauliza, "Nani amekuambia?"

"Malachy."

"Nilidhani ameondoka nalo. Si aliondoka? Kwa nini hakuondoka nalo?"

"Bibi, kumbe wewe ulijua siku zote."

"Nani asiyejua? Rinvarra nzima inajua. Baba yako alikuja msibani kwa mume wangu. Akanywa chai kwa kikombe kile pale, akabeba jeneza begani. Niliweza kumpa chai kwa sababu lilikuwa halijasemwa. Unanielewa, mwalimu? Lilikuwa limelala. Miaka mia moja tunalipita kwa ncha za vidole, sisi na nyinyi, tusiliamshe. Leo umeliamsha, umeliweka kwenye unga wangu. Nilifanyeje? Nikusamehe? Si mimi niliyelala chini ya ukuta. Nikufukuze? Unafundisha wajukuu zangu."

"Nilidhani kweli itatupunguzia mzigo."

"Watoto nyie," akasema. Mimi, mtoto! "Nenda nyumbani. Mkate unaharibika."

Colman alinisindikiza hadi getini. Nikamuuliza tangu lini alijua. "Tangu nijue kusema." "Na bado ulitaka kunioa?" nikamuuliza. "Na bado," akasema. Tukasimama hapo. Nikamkumbusha habari ya shamba. Akacheka, si kwa ubaya. "Nilifanyie nini, Attracta? Nina miaka arobaini na mitatu, sina mtoto. Festus halimi hata lake. Ungelileta enzi za babu, tungepigania kila hatua kwa majembe. Sasa hivi ukilitupa njiani hakuna atakayeinama kuliokota."

Sikukasirikii. Nilidhani nitakukasirikia, nikangoja hasira ije, haikuja. Ila hiyo Julai uliyosema, njoo kweli. Nataka mtu mmoja wa kukaa naye mezani ambaye hatanieleza hali ya hewa.

Attracta


Coventry,
30 Juni 1957

Mdogo wangu,

Julai haitawezekana. Tuna jengo la kumaliza na nyapara ni mkali. Labda Septemba.

Nilikosea. Nilikuambia kwa ubinafsi wangu. Nilitaka kuutua mzigo, nikakutwika wewe. Mtu akichoka hafikirii mzigo unaangukia wapi.

Kitabu kimalize. Andika unavyoona wewe, sitasema tena. Na uniandikie mambo ya kawaida. Sili mwaka huu wako wangapi? Munnelly bado anauza mishumaa iliyopinda? Paa letu linavuja upande ule ule? Niandikie hayo.

Malachy


Rinvarra,
15 Septemba 1957

Kaka,

Umenyamaza majira yote ya joto. Hata nilipokutumia kitabu hukusema kitu, nikadhani nimekuudhi kwa ukurasa ule. Nimeuandika hivi: "Paa za Shanvalla zilivutwa chini na watu wenye njaa, waliolipwa kwa kazi hiyo. Mmoja wao alikuwa mtu wa Rinvarra, babu wa baba wa mwandishi." Tuohy alitaka kuyakata maneno hayo. Nikamwambia akiyakata, akate na jina langu. Yakabaki.

Nikajitayarisha kwa mawe dirishani. Kaka, hakuna kilichotokea. Hakuna aliyesema neno, si zuri wala baya. Munnelly aliviweka vitabu dukani kando ya mishumaa, na mwezi wa nane akanirudishia kifurushi karibu chote. "Nahitaji nafasi ya viatu vya mvua," akasema. Basi.

Watalii walikuja. Magari manne, majira mazima. Familia moja waliniuliza chai inauzwa wapi. Haiuzwi popote, nikawapikia mwenyewe. Watoto wao walipanda kuta za Shanvalla, wakacheza duka kwenye dirisha la akina Gaughan. Mama yao akausoma ukurasa wangu kwa sauti hadi mwisho, akasema, "Inasikitisha, eh?" Kisha akauliza kama ufukweni kuna choo.

Agosti ishirini akina Festus walikuja kuaga. Nikajua ni mimi. Nikamvuta mkewe pembeni. "Delia, ni kwa sababu ya kitabu?"

"Kitabu gani?" akasema. Hakuwa anajifanya. "Ni Leicester, mwalimu, huko Uingereza. Festus amepata kazi kwenye kiwanda cha soksi, na nyumba ina bomba la maji ndani. Tulishapanga tangu Pasaka. Tulinyamaza tu, tukijua watoto kwako ni hesabu."

Tangu Pasaka. Nilipokuwa nasimama mbele ya unga wa yule bibi, masanduku yalikuwa tayari chini ya vitanda.

Bibi Sabina wamekwenda naye. Walimbeba hadi garini akiwa amekaa kwenye kiti chake. Aliponifikia alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu mwaka wa arobaini na tatu, na nilitazama nione kuna nini humo, sikuona kitu ninachokijua. Colman amekwenda pia, mama yake hataki kubebwa na mwingine. Hakuniambia tuondoke wote, wala mimi sikumwambia abaki. Tulizungumzia ramani. Kuna mwamba mmoja aliuweka vibaya.

Watoto wakabaki saba. Shule ilifungwa Ijumaa iliyopita, na mimi nimepangiwa Longford, bara kabisa, ambako bahari watu huiona kwenye picha tu. Barabara haitatiwa lami. Tuohy mwenyewe kahamishiwa idara ya maji.

Shamba la chini limeota magugu hadi kiunoni. Nilisimama hapo jana nikafikiri kwamba watu walikufa kwa ajili yake, na sasa hata punda hana haja nalo.

Sili ni wengi. Paa linavuja upande ule ule.

Krismasi nitakuja Coventry. Usiniandikie habari za nyapara. Nitalala sakafuni.

Attracta


Coventry,
19 Septemba 1957

Bi Devane,

Hunijui. Mimi ndiye mwenye nyumba alimopanga kaka yako. Nasikitika kukuambia kwamba Malachy alifariki hospitalini Jumamosi tarehe kumi na nne, alfajiri, kwa ugonjwa wa mapafu. Tulimzika jana kwenye makaburi ya Wakatoliki. Mvua ilinyesha. Tulikuwa watu sita. Barua yako imefika asubuhi ya leo, nami nakurudishia bila kuifungua.

Sijui nikuelezeje yanayofuata. Alilazwa tangu mwisho wa Januari. Barua zako nilikuwa nampelekea wodini. Zake aliziandika kitandani, juu anaandika anwani ya nyumba yangu, mimi natia stempu. Mara nyingine kuandika mistari mitano kulimchukua siku tatu. Nilimwambia si vizuri kumdanganya dada. Akaniambia, "Bi Stubbley, dada yangu anajenga. Nisimwangushie mti juu ya kazi yake." Baadaye nilitaka kukutumia telegramu, akaniapisha kwa Biblia yangu mwenyewe. Hakutaka umkute vile alivyokuwa.

Kitabu chako kilifika mwanzoni mwa Agosti. Aliwasomea wodi nzima, hata wasiotaka. Kwenye mwiba wa samaki walicheka hadi muuguzi akaja. Alipofika kwenye ule ukurasa wa kijiji aliusoma kimya. Akasema, "Ameandika," akageukia ukutani, na siku hiyo hakula. Tangu hapo hakuomba karatasi tena. Sijui kama nimefanya vema kukuambia hili, lakini kuficha kumetosha.

Kuna Bwana Pugh aliyekuwa kitanda cha pili. Yeye amepata nafuu, na anasema akiruhusiwa anataka kuja Rinvarra aone mnara na wale sili. Kaka yako alimwambia kwamba watu wa huko wakiona mgeni njiani hugombania kumwingiza ndani. Anaomba umwelekeze njia.

Pole sana.
Winifred Stubbley


Rinvarra,
6 Oktoba 1957

Bi Stubbley mpendwa,

Asante kwa kusimama kwenye mvua kwa ajili ya kaka yangu. Asante kwa stempu pia. Umefanya vema kuniambia kuhusu ule ukurasa. Tangu barua yako ifike najiuliza kile alichokisema akigeukia ukuta kilikuwa na maana gani, kama alifarijika au kama ndicho kilichommaliza. Najua sitapata jibu. Mama yetu alikuwa akisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sote wawili tulimsikia, na hakuna aliyejifunza. Mimi nilimwomba aje mezani kwangu, naye alikuwa hawezi kufika hata mlangoni pa wodi.

Vitu vyake wape wanaovihitaji. Sina pa kuviweka. Naondoka kesho asubuhi.

Kwa hiyo Bwana Pugh hatanikuta, lakini njia si ngumu. Apande treni hadi Westport, halafu basi hadi Kilcreeve. Kutoka hapo ni maili nane, na barabara ni nzuri mpaka darajani. Abebe chakula chake, kwa kuwa tangu shule ifungwe waliobaki wote wanahama, na Munnelly naye anafunga duka mwisho wa mwezi. Mnara uko mkono wa kushoto. Sili huonekana asubuhi, maji yakitoka.

Akifika kwenye nyumba asichanganyikiwe. Zisizo na paa ndizo Shanvalla. Zenye paa ni zetu. Anaweza kulala katika yoyote atakayoipenda. Hakuna aliyefunga mlango.

Attracta Devane